Kofia za Watoto Wachanga: Kazi ya Chama cha Wafumaji

Katika nchi ya Njombe, juu ya milima ya kusini ya Tanzania, miezi ya Juni na Julai huja na baridi ambayo mtu wa pwani haisadiki mpaka aione. Alfajiri sakitu huwa imelala juu ya majani kama chumvi iliyomwagwa, na mvuke hutoka kinywani kwa kila neno mtu alisemalo. Mtu mzima hujifunika blanketi, huota moto, na siku hupita. Lakini na tumfikiri mtu ambaye jana alikuwa tumboni mwa mama yake, mahali penye joto siku zote, na leo amefika duniani uchi, tena amelowa. Yeye hawezi kusogea motoni wala kuomba nguo. Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya mtu huyo mdogo, na habari ya chama cha wafumaji tulichokianzisha karibu na chuo chetu cha waalimu, ili apate kofia na soksi.

Kwanza yafaa tujue kwa nini mtoto mchanga hupoa upesi. Joto humtoka kwa njia nne. Njia ya kwanza ni maji: maji yaliyo mwilini mwake yakikauka huchukua joto lake, na kila aliyetoka mtoni upepo ukivuma ajua jambo hili. Njia ya pili ni kugusa: akilazwa juu ya meza baridi au mizani ya chuma, joto lake huhamia katika kitu kile. Njia ya tatu ni upepo upitao mlangoni, ambao huiondoa hewa ya joto iliyomzunguka. Njia ya nne ni ngumu kidogo kuifahamu: mwili hutupa joto lake kuuelekea ukuta baridi hata kama hauugusi, kama vile sisi tunavyolisikia joto la moto usoni ingawa tumekaa mbali nao.

Sasa tazameni kichwa chake. Kichwa cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane ya urefu wake wote. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sehemu moja ya nne. Basi kichwa kikiachwa wazi, ni mlango mkubwa wa joto kutokea. Na mtoto aliyezaliwa kabla ya majuma 37, ambaye wengi humwita njiti, yuko katika hatari zaidi, kwa kuwa ngozi yake ni nyembamba na mafuta chini ya ngozi ni haba. Shirika la Afya Duniani lasema ya kuwa joto la mtoto mchanga likishuka chini ya digrii 36.5 za sentigredi, baridi imekwisha kumpata. Mtoto aliyepoa hunyonya kwa udhaifu. Asiponyonya hana cha kumpa nguvu ya kutengeneza joto. Na asipolitengeneza hupoa zaidi. Jambo moja hulivuta jingine, hata uhai wake huingia hatarini.

Hata hivyo, mtu asidhani ya kuwa kofia ni badala ya mama. Mwaka 1978, mjini Bogotá katika nchi ya Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona ya kuwa mashine za kutunzia joto hazitoshi, akaanza kuwaweka watoto njiti vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wamefungwa imara kwa nguo. Njia hiyo imeenea duniani kote, na katika hospitali zetu pia yafundishwa. Mtoto aliye kifuani huvaa nepi, soksi na kofia, basi. Mwili wa mama humpa joto, na kofia hulizuia lisitoke kwa juu. Kila kimoja kina kazi yake.

Chama chetu kilianza na watu kumi na tisa: akina mama kumi na wawili wa kijijini na wanafunzi saba wa chuo, wawili wao wakiwa vijana wanaume. Vijana hao walichekwa sana siku ya kwanza. Tuliwaambia waliocheka ya kuwa huko Ulaya, katika karne zilizopita, vyama vya mafundi wafumaji vilikuwa vya wanaume, na kijana alitumikia miaka mingi kabla ya kuitwa fundi. Cheko likakoma, na sasa mmoja wa vijana wale ndiye awafundishaye wenziwe kufuma kisigino cha soksi.

Sindano hatukununua. Wengine walizichonga kwa mianzi, wakazisugua kwa msasa mpaka zikateleza. Wengine walichukua spoki za baiskeli kuukuu, wakazikata na kuzinoa ncha zisichome. Uzi nao hatukuununua wote. Katika soko la mitumba hupatikana sweta zilizochanika ambazo hapana mtu azitakaye. Mwenye kununua na atazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kingo za vipande zimefumwa mpaka mwisho, uzi utafumuka mrefu pasipo kukatika; ikiwa kitambaa kimekatwa kwa mkasi kikashonwa kwa cherehani, utapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama nywele. Uzungushe juu ya mgongo wa kiti, uufunge mahali panne usivurugike, uufue, kisha uutundike na jiwe dogo chini yake. Ukikauka, umenyoka.

Wanafunzi wapendao hesabu watapenda habari ya kipimo. Nguo ya kufuma si kama nguo ya mtande na mshindio. Ni uzi mmoja uliopindwa kuwa vitanzi, kila kitanzi kimepita ndani ya mwenzake. Ndiyo sababu hutanuka na kurudi. Basi kabla ya kuanza, fuma kipande kidogo cha mraba, ukihesabu vitanzi vilivyomo katika sentimeta 10. Tuseme umepata 20. Kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi yake huwa kama sentimeta 33 mpaka 36 kukizunguka, na kofia hupungua kidogo ipate kushika. Kwa hiyo twataka sentimeta 32. Vitanzi 20 kwa sentimeta 10 ni vitanzi 2 kwa kila sentimeta moja, na 2 mara 32 ni 64. Anza na 64.

Fuma ukingo kwa kupokezana kitanzi kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma, upate mbavu zenye kuvutika. Kisha endelea kwa ufumaji wa kawaida mpaka kimo kifikie kama sentimeta 12. Hapo uanze kupunguza: fuma vitanzi sita, unganisha viwili kuwa kimoja, na hivyo mpaka mwisho wa mstari. Katika kila vitanzi nane kimoja kimetoka, na 64 zimekuwa 56. Fuma mstari mmoja wa kurudi pasipo kupunguza. Tena fuma vitano, unganisha viwili. Sasa ni 48. Endeleeni hivyo, 40, 32, 24, 16, hata vibaki 8. Kata uzi, upitishe ndani ya vitanzi vile vyote, uvute, ushone mgongo. Kofia imekwisha. Usitie kifungo, wala shada, wala kamba ya kufunga shingoni, kwa maana kifungo humezwa na kamba hunyonga. Kwa mtoto njiti, punguza hesabu, kwa kuwa kofia ikiwa kubwa huteremka ikamfunika pua.

Lakini kabla ya kuyajua hayo tulifanya kosa, nasi twalieleza ili wengine wasilirudie. Kofia zetu za kwanza, arobaini kwa hesabu, tulizifuma kwa sufu safi ya kondoo. Tukazipeleka hospitalini kwa furaha kubwa, wala hatukuuliza lolote. Baada ya juma moja mwuguzi mmoja alituita. Akatwaa bakuli, akalimimina mezani, na zile kofia zikaanguka kama ndimu, ndogo na ngumu. Zilikuwa zimechemshwa pamoja na mashuka, kama ilivyo desturi ya kufua vitu vya wagonjwa. Akasema kwa upole, "Mama zangu, na ninyi waalimu, mngaliniuliza kwanza, ningaliwaambia."

Sababu yake ni hii. Unyweleo wa sufu una magamba madogo sana, kama ya samaki. Ukiwa mkavu, au katika maji ya uvuguvugu, magamba hulala kimya. Ukichemshwa na kusuguliwa, magamba hukamatana, nguo ikanywea, wala haifunguki tena. Hata hivyo sufu ina sifa kubwa: mikunjo yake hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo izuiayo joto, tena yaweza kunywa unyevu kama theluthi moja ya uzito wake kabla mtu hajausikia umande. Uzi wa pamba hauna joto la namna hiyo, lakini wastahimili maji ya moto. Tangu siku ile kofia za kukaa hospitalini twazifuma kwa pamba. Zile za sufu twampa mama aende nazo kwake, pamoja na maneno yaliyoandikwa juu ya kitambaa: fua kwa maji ya uvuguvugu, usisugue, anika kivulini.

Shida ya pili haikuwa ya uzi, bali ya mioyo. Siku moja ya mvua mjane mmoja, fundi kuliko sisi sote, aliweka sindano zake chini akasema, "Waalimu, nafuma kofia za watoto wa watu, na wajukuu zangu wadaiwa madaftari. Ninyi mwisho wa mwezi mwapata mshahara. Mimi napata nini?" Kimya kikaingia chumbani. Kweli tulikuwa hatukufikiri jambo hili. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kuhubiri ukarimu kwa asiye nao. Hapakuwa na aliyemjibu siku ile, na juma lililofuata watu wanane tu walikuja.

Tulikwenda kwake nyumbani, tukamwomba shauri. Ndiye aliyetuonyesha njia. Watoto wa shule za milimani huvaa sweta, na wazazi huzinunua mbali. Basi chama kikaanza kupokea kazi ya sweta za shule. Mfumaji hupata fedha yake, na sehemu moja ya kumi huingia katika kisanduku cha kununulia uzi wa kofia. Siku ya Jumanne hufumwa vya kutoa. Siku nyingine kila mtu hufuma vyake. Kisanduku kina kufuli moja, na ufunguo hukaa kwa mjane yule. Wote waliotoka wamerudi, isipokuwa wawili.

Kazi ya namna hii si ngeni duniani. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918 askari wa Ulaya walisimama siku nyingi katika mahandaki yenye maji, miguu yao ikaharibika kwa unyevu na baridi, hata wengine wakakatwa. Soksi kavu za kubadili zilikuwa dawa. Huko Uingereza na Marekani watu wengi mno, wake kwa waume na hata watoto wa shule, walifuma soksi na skafu, na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilitoa maagizo yaliyochapwa ya jinsi ya kuzifuma. Walijua ya kuwa soksi yenye mshono mnene vidoleni humtoa askari malengelenge. Upendo usio na kipimo humdhuru apendwaye.

Basi, ndugu, mkitaka kuanzisha chama kama hiki, anzeni na swali kabla ya sindano. Nendeni kwa mwuguzi wa zahanati iliyo karibu, mwulizeni: Wahitaji nini, vingapi, vya kipimo gani, na vitafuliwaje? Kisha waulizeni wafumaji wenyewe: Nanyi mwahitaji nini ili mpate kuendelea? Majibu ya maswali hayo mawili yaandikeni katika daftari, myasome kila mwezi. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenye tundu hakijai, hata mtie nini.

Juni inakaribia tena, na katika kikapu cha chama mna kofia 23. Mwuguzi ameomba 60. Kwa hiyo tutaishia hapa, maana leo ni Jumanne.