Nasaba ya Megalodoni: Jino Moja, Majina Mengi

Wazazi wengi huenda wamekwisha kuulizwa na watoto wao: je, papa megalodoni angali baharini? Filamu zinazozagaa katika simu humwonyesha akimeza mashua nzima, na mtoto wa pwani ana haki ya kupata jawabu la kweli. Jawabu ni kwamba hayupo. Alitoweka takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Lakini liko swali lililo bora zaidi: wataalamu wameijuaje nasaba yake?

Papa hana mifupa migumu kama changu au tewa. Kiunzi chake ni gegedu, nayo huoza upesi. Kwa hiyo kilichobaki kwa wingi ni meno, mengine yenye urefu wa zaidi ya sentimita 15. Zamani watu wa Ulaya waliyadhani kuwa ndimi za nyoka zilizogeuka mawe, wakayavaa kama kinga ya sumu. Mwaka 1666, huko Florence, tabibu Nicolas Steno alipasua kichwa cha papa mkubwa aliyevuliwa, akatambua kwamba "ndimi" zile zilifanana mno na meno ya papa.

Mtaalamu wa Uswisi, Louis Agassiz, ndiye aliyempa mnyama huyu jina, katika kitabu chake cha samaki wa kale kilichotoka kwa sehemu kati ya 1833 na 1843. Jina la kitaalamu lina maneno mawili: la kwanza ni mfano wa jina la ukoo, la pili ni la mwenyewe. Agassiz aliona makali ya meno yale yana vijino kama vya msumeno, sawa na ya papa mweupe mkubwa aliye hai leo. Akawaweka katika ukoo mmoja: Carcharodon megalodon, yaani mwenye jino kubwa.

Ushahidi ulipozidi, mambo yalibadilika. Meno ya kale zaidi yalionyesha kwamba megalodoni ametokana na ukoo wa Otodus, ambao wazee wake walikuwa na makali laini yasiyo na msumeno. Papa mweupe naye alikuja kwa njia yake. Mwaka 2012 kisukuku kutoka Peru kilipewa jina Carcharodon hubbelli. Msumeno wa meno yake ulikuwa ndio kwanza unaanza. Kumbe koo mbili zilipata msumeno kila mmoja peke yake, kama mafundi wasiojuana wanavyochonga chombo kimoja kwa kuwa kazi ni moja. Leo wengi huandika Otodus megalodon, ingawa wapo wanaoshikilia Carcharocles.

Nasaba hii si mchezo wa majina. Kwa kuwa alidhaniwa ni jamaa wa papa mweupe, alichorwa kama papa mweupe aliyekuzwa. Mwaka 2024 kundi la watafiti lilitoa hoja kwamba mwili wake ulikuwa mrefu na mwembamba zaidi.

Basi mama, mwanao akikuuliza, usimkemee wala usimtishe. Mwambie kwamba kufanana si udugu, na kwamba mwenye elimu haoni haya kurekebisha alilosema jana. Kisha mfundishe naye kuiuliza kila filamu: umejuaje?