Presha: Muuguzi aliyeongeza masomo ni hazina

Huenda una mzazi au ndugu kule Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, anayetibiwa shinikizo la damu. Ukimpigia simu anakwambia ameacha dawa kwa kuwa amepona. Hajapona. Maradhi haya hukaa kimya hadi yapige ubongo, moyo au figo.

Katika zahanati za ufuoni, atakayemwona mara nyingi ni muuguzi, si daktari. Muuguzi aliyesomea zaidi utunzaji wa maradhi ya kudumu (chuo cha KMTC, kwa mfano, hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa figo) hafanyi pupa. Humketisha mgonjwa dakika 5 kabla ya kupima, na akipata 140/90 kwa kawaida humpima tena siku nyingine kabla ya kuamua.

Kisha humuuliza kazi yake. Mvuvi wa omena hukesha ziwani na taa, akalala mchana. Mpe dawa ya kuongeza mkojo ameze jioni, ataitupa, nami simlaumu: mtumbwi hauna choo! Muuguzi stadi atampangia saa nyingine, au ashauriane na daktari kuhusu amlodipini, ambayo humezwa mara moja kwa siku, saa yoyote mradi isibadilikebadilike.

Isitoshe, wengi wanaotumia ARV sasa wanafikia uzee, umri wa presha na sukari.

Mwambie mzazi wako arudi kliniki, abebe kadi na kila dawa anayotumia, hata mitishamba ya sokoni.