Vipuri vya magari: Misungwi, Mwanza au Dar? Anza na namba ya chasisi

MWENYE gari anayeishi mjini Misungwi hukutana na swali lile lile kila chombo chake kinapoharibika: anunue kipuri katika duka la hapo mjini, apande gari kwenda Jiji la Mwanza, umbali wa kilometa zipatazo 45, au atume fedha Dar es Salaam ili afungiwe mzigo kwenye basi?

Wengi hulijibu kwa kuangalia bei peke yake. Hesabu hiyo ina upungufu, kwani kipuri cha bei nafuu kilichonunuliwa mahali pasipo pa kurudi huweza kugharimu zaidi ya fedha.

Barabara ya Shinyanga kwenda Mwanza, inayopita Misungwi na Usagara, hubeba malori ya mizigo, mabasi ya masafa marefu na yale magari madogo ya abiria ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa huyaita michomoko, Toyota Probox ikiwa miongoni mwake. Tangu Juni 2025, lilipofunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo, upande wa Misungwi, na Busisi, upande wa Sengerema, gari lililokuwa likikaa kwenye foleni ya kivuko sasa huvuka bila kusimama. Abiria wa mchomoko hana njia ya kujua pedi za breki za gari alilopanda zilinunuliwa wapi. Anayejua ni mwenye gari na fundi wake, na mara nyingine hata hao hawajui.

Kabla ya kuuliza duka gani lina bei nzuri, mnunuzi anapaswa kujua anatafuta nini hasa. Hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Kuingia dukani na kusema "nataka chujio la oili la IST" hakutoshi, kwa sababu jina la gari ni jina la biashara tu. Toyota IST yenye chasisi inayoanza na NCP60 ina injini ya 2NZ-FE ya lita 1.3, ilhali ile ya NCP61 ina injini ya 1NZ-FE ya lita 1.5. Kwa nje magari hayo mawili hufanana.

Kwa upande mwingine, Probox ya NCP51 nayo hutumia injini ya 1NZ-FE. Maana yake ni kwamba mwenye IST ya NCP61 huweza kuambiwa kipuri cha injini yake hakipo Misungwi, akatoka kwenda Mwanza, wakati kipuri hicho hicho kipo kwenye rafu kikiwa kimeandikwa Probox. Muuzaji mzoefu hulijua jambo hili na kumwokolea mteja nauli. Asiyelijua humwambia "hakuna" na kuendelea na simu yake.

Namba ya chasisi inapatikana kwenye kadi ya gari na kwenye kibati kilichobandikwa sehemu ya injini. Ni vema kulinganisha viwili hivyo na injini yenyewe, kwa kuwa magari mengi yaliyokwisha tumika nchini kwa miaka kadhaa yamebadilishwa injini, na kadi haiwezi kueleza kilichofanyika gereji kama mwenye gari wa awali hakutoa taarifa.

Kipuri nacho kina namba yake. Kwa Toyota, namba hiyo huanza na tarakimu tano zinazotambulisha aina ya kipuri, kisha hufuata nyingine zinazotambulisha gari kinakofungwa. Pedi za breki za mbele huanza na 04465 na breki shuu za nyuma huanza na 04495. Vyujio vingi vya oili huanza na 90915. Anayepewa boksi la pedi za mbele lenye namba inayoanza na 04495 ana haki ya kuuliza, hata kama rangi na maandishi ya boksi yanavutia. Ile sehemu ya pili ndiyo inayolinganishwa na chasisi, na muuzaji makini huitafuta kwenye katalogi, ambayo siku hizi ipo hata kwenye simu.

Kwa hiyo duka la kwanza la kulifikiria, liwe Misungwi au Mwanza, ni lile ambalo muuzaji wake huuliza namba ya chasisi kabla ya kutaja bei.

Lipo suala jingine linalowachanganya wanunuzi, nalo ni maana ya neno "orijino". Madukani huwa kuna vipuri vipya vya namna tatu. Vya kwanza hutoka kwa mtengenezaji wa gari, vikiwa na jina lake. Vya pili hutengenezwa na viwanda vingine vinavyotumia majina yao wenyewe bila kujificha, na baadhi ya viwanda hivyo ndivyo vinavyouzia watengenezaji wa magari. Vya tatu ni vya kughushi, vilivyobandikwa jina la mtu mwingine.

Wateja wengi huviita vya pili na vya tatu kwa jina moja, kopi, na hilo ni kosa. Kipuri cha kiwanda kingine chenye jina lake halisi huweza kuwa kizuri, cha kati au dhaifu, lakini angalau kinajulikana kimetoka kwa nani. Cha kughushi hakina mwenyewe. Kikivunjika, hakuna anayekiri kukitengeneza.

Tofauti hiyo hujitokeza zaidi ndani ya kipuri kuliko nje. Ndani ya chujio la oili kuna karatasi iliyokunjwakunjwa, na katika mengi kuna kiwambo cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari linapozimwa. Chujio la kughushi huweza kuwa na mikunjo michache au kukosa kiwambo hicho, hivyo kila asubuhi injini husaga kwa muda kabla oili haijapanda. Dereva hasikii kitu siku ya kwanza, wala ya thelathini. Kwa pedi za breki, madhara hujitokeza haraka zaidi: tabaka la msuguano likiwa limegandishwa vibaya kwenye bati lake, hupasuka au kubanduka kwa joto, na joto hilo huja hasa pale gari lililojaa linapofunga breki mara kwa mara.

Ndiyo sababu haifai kutumia kanuni moja kwa vipuri vyote. Breki, bolijointi, tairodi na matairi ni vipuri vinavyoshika uhai wa watu, na vinastahili kununuliwa pale tu ambapo namba inasomeka, boksi halijafunguliwa na risiti inatolewa, hata kama duka hilo liko mbali. Plagi, vyujio na mikanda vinaweza kununuliwa karibu, maadamu namba inalingana. Taa, bampa, vioo vya pembeni na milango ni habari nyingine kabisa, na hapo mtumba una nafasi yake.

Mtumba usidharauliwe. Altaneta, stata au mlango uliotolewa kwenye gari la Japani huweza kudumu kuliko kipya kisichojulikana kilikotoka, na bei yake huwa nafuu. Hata hivyo, mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Bushi, mipira ya rejeta na mikanda ya mtumba ni kununua umri wa mtu mwingine, na shokapu iliyotumika hakuna awezaye kueleza imebakiza safari ngapi. Tairi angalau hujieleza lenyewe: ubavuni lina tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Muuzaji akisema tairi ni jipya, tarakimu hizo ndizo zitakazoamua.

Mtumba una hatari nyingine ambayo haihusiani na ubora. Vioo vya pembeni, taa na vifaa vya umeme ni miongoni mwa vitu vinavyopendwa na wezi, ndiyo maana wenye magari wengi nchini huchora namba za usajili kwenye vioo na taa zao. Kioo chenye mikwaruzo mahali ambapo namba ingekaa kinajieleza. Kwa mujibu wa Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kupokea mali huku ukijua au ukiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa ni kosa la jinai, na kisingizio cha bei nzuri hakisaidii kituoni.

Sasa turudi kwenye nauli. Chukulia pedi za breki zinauzwa Sh45,000 Misungwi na Sh35,000 Mwanza, na nauli ya kwenda na kurudi ni Sh6,000. Kinachobaki ni Sh4,000, kabla ya chakula na kabla ya kuhesabu siku nzima ambayo gari la biashara limesimama. Ikiwa kipuri hakikuingia, nauli hulipwa mara ya pili na faida yote hupotea. Kwa kipuri kidogo chenye namba sahihi, duka la Misungwi mara nyingi hushinda, na lina ubora mmoja usioandikwa kwenye bei: mwenye duka ni jirani, na kesho utamkuta. Kwa giaboksi au injini, ambako tofauti ya bei ni kubwa na kuna haja ya kuchagua kati ya kadhaa, safari ya Mwanza inajilipa. Aende na fundi, akiwa na namba mkononi.

Kuagiza Dar es Salaam, hususan eneo la Gerezani ambalo limejijengea jina kwa vipuri, kuna mantiki kwa magari yasiyo ya kawaida huku. Huduma za fedha kwa simu zimerahisisha malipo, lakini zimerahisisha pia kulipa kabla ya kuona. Busara ni kudai picha ya kipuri chenyewe ikionyesha namba, si picha ya boksi tu, na kukubaliana mapema nani atalipa nauli ya mzigo ukirudishwa. Jambo dogo ambalo wengi hulisahau: mabasi yanayotoka Dar es Salaam kupitia Dodoma, Singida na Shinyanga hupita Misungwi kabla ya kufika Nyegezi. Mzigo ulioandikwa "Mwanza" hupita mbele ya mlango wa mwenyewe, kisha yeye hulipa nauli kuufuata jijini. Inafaa kuuliza ofisi ya basi kama utashushwa njiani, na nani atasaini kuupokea.

Katika yote haya yumo fundi, ambaye ndiye anayechagua duka kwa niaba ya wateja wengi. Ni desturi iliyozoeleka kwa duka kumpa fundi chochote kwa kumletea mteja, kile kinachoitwa cha juu. Fundi aliyepoteza nusu siku kutafuta kipuri anastahili malipo. Tatizo ni pale malipo hayo yanapofichwa ndani ya bei, kwa kuwa hapo fundi hunufaika zaidi na duka linalotoa cha juu kikubwa kuliko lenye kipuri bora. Mwenye gari anayelipa ufundi wake wazi, kisha akanunua kipuri mwenyewe au wakaenda wote, humwondolea fundi kishawishi hicho. Kipuri cha zamani kirudishwe mkononi mwa mwenye gari. Kikiwekwa kando ya kipya, kimo, matundu na uzito vitaonekana kabla ya kufungwa.

Kuhusu risiti, mashine za kielektroniki za EFD zilianza kutumika nchini mwaka 2010, lakini mpaka leo mteja huweza kutajiwa bei mbili, ya risiti na ya bila risiti. Anayechagua ya pili amepata punguzo na amepoteza ushahidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba mnunuzi anapomjulisha muuzaji matumizi ya bidhaa anayoitaka, akitegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Kwa mnunuzi wa kipuri, njia nyepesi ya kumjulisha ni kuomba namba ya chasisi iandikwe kwenye risiti au nyuma yake. Anayetaja tu chapa anayoitaka na kuchukua boksi, bila kueleza gari lake, huweza kujikuta amejipunguzia hoja hiyo. Maandishi ya ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudishwi yasimzuie mtu kuuliza. Ni afadhali makubaliano ya kubadilisha kipuri kisichoingia yafanyike kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Kwa bidhaa inayoshukiwa kughushiwa, mwenye dhamana ni Tume ya Ushindani (FCC), inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na kupambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Isiyokidhi viwango ni ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Taasisi zote mbili zina ofisi za Kanda ya Ziwa jijini Mwanza. Mlalamikaji afike na kipuri, boksi na risiti.

Boksi, kwa hiyo, lisitupwe gereji siku ile ile. Namba iliyo juu yake ndiyo itakayotajwa dukani mara ijayo. Ipigwe picha kwa simu pamoja na risiti, kwa sababu maandishi ya risiti za mashine hufifia, hasa zikiachwa juani kwenye dashibodi.