Kivu ya Kusini: Kutafuta nyoka usiku ni kazi ya watu wawili

Mvua ya jioni ikikatika katika milima ya Kivu ya Kusini, vyura huanza kulia mabondeni, na nyoka wanaowala hutoka kuwinda. Saa hizo wakaaji wengi wamekwisha kufunga milango. Kwa wachunguzi wa nyoka, ndipo kazi inapoanza, na kanuni yake ya kwanza ni kutokwenda peke yako.

Kazi hiyo si ngeni katika kituo cha utafiti wa sayansi cha Lwiro (CRSN), eneo la Kabare, kaskazini ya Bukavu. Mtafiti wa kituo hicho, Chifundera Kusamba, alichapisha mwaka 1990 uchunguzi juu ya nyoka wa Zaire na watu wanaoumwa nao. Baadaye alizunguka misitu ya mashariki ya Congo pamoja na Mmarekani Eli Greenbaum, wa chuo kikuu cha Texas huko El Paso, wakitafuta vyura, mijusi na nyoka. Greenbaum alisimulia safari hizo katika kitabu Emerald Labyrinth, kilichotoka mwaka 2017.

Mmoja anashika, mwingine anamulika

Kabla ya kuingia porini, chifu wa kijiji huarifiwa, kwani mwanga wa tochi usiku unaweza kuwatia watu hofu. Kila mmoja huvaa buti na tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru. Wa mbele anatazama chini, anapokanyaga. Wa nyuma anamulika matawi, kwenye urefu wa uso na mabega.

Jicho la nyoka haling'ai kwenye mwanga kama la chura. Anayetafuta huangalia umbo: mkunjo usiofanana na tawi, au jani lisilotikisika wakati mengine yanapepea. Nyoka akionekana, mmoja tu anamshika, kwa fimbo ya ndoano. Mwenzake anamulika, anafungua mfuko wa kitambaa, na anachunga kusiwe na mwingine karibu.

Hatari yenyewe ni ya kweli. Katika vichaka na mafunjo ya milima ya Kivu anaishi nyoka wa kijani mwenye sumu, Atheris nitschei, ambaye huwinda hasa usiku. Hakuna seramu iliyotengenezwa kwa ajili ya sumu yake. Hata kwa nyoka wengine seramu ni adimu: kampuni ya Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, iliyotibu sumu ya nyoka 10 wa Afrika, mwaka 2014, na dozi za mwisho zikaisha muda wake mwaka 2016.

Ndiyo maana mwenzako ndiye msaada wa kwanza. Aliyeumwa hatakiwi kukimbia. Mwenzake humlaza, humvua pete na saa, hufunga mguu au mkono kwenye kijiti ili usitikisike, kisha huita watu wa kumbeba kwa kipoyi mpaka barabarani, panapopatikana pikipiki. Kuchanja kidonda, kunyonya damu au kukaza kamba huongeza madhara.

Ujuzi peke yake hautoshi. Mmarekani Karl Schmidt, aliyeandika mwaka 1923 juu ya nyoka waliokusanywa Congo kati ya 1909 na 1915, aliumwa na nyoka mchanga huko Chicago mwaka 1957. Hakwenda hospitali. Alibaki akiandika dalili zake, na siku iliyofuata akafa.

Faida kwa mkulima

Shirika la Afya Duniani (OMS) linakadiria kwamba kila mwaka nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani. Mwaka 2017 liliweka tatizo hili kati ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa, na linataka vifo na ulemavu vipungue kwa nusu kabla ya 2030. Wengi wanaoumwa ni wakulima na watoto wa vijijini.

Seramu inayofaa haiwezi kuchaguliwa bila kujua ni nyoka gani wanaishi wapi, na wengi wao huonekana usiku tu. Wakati majibu hayo yanatafutwa, tahadhari za watafiti zinamfaa pia mama anayekwenda chooni usiku au kijana anayerudi shambani: tochi mkononi, viatu miguuni, na ikiwezekana mtu wa kufuatana naye.