Jiko la Mkaa Katika Karakana ya Rangi: Hatari Mbili za Kipupwe

Kipupwe kinapoingia Nyanda za Juu Kusini, kati ya Juni na Agosti, baridi ya Makete na Njombe huwafanya watu wafunge milango na madirisha. Fundi anayepaka samani rangi katika chumba cha uani ana sababu ya ziada ya kutafuta joto: rangi huwa nzito na huchelewa kukauka. Akiingiza jiko la mkaa, hukusanya hatari mbili chini ya paa moja.

Ya kwanza ni moto. Thina na petroli hutoa mvuke hata wakati wa baridi. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni, mahali hasa jiko linapokaa. Cheche moja hutosha kuuwasha.

Ya pili ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo mkaa huitoa hata usipofuka moshi. Gesi hii hushika hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na ubongo na moyo huathirika mapema. Hupenya pia hadi vyumba jirani walalamo watoto.

Katika karakana ya rangi, harufu ya thina hupotosha. Fundi akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kichefuchefu, hulaumu rangi. Zahanati nayo huweza kudhani ni malaria. Mhudumu aulize: je, palikuwa na jiko ndani? Kuna mwingine aliyeugua? Je, nafuu hupatikana mgonjwa atokapo nje?

Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisimtulize mhudumu. Hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyoshikwa na gesi hii, hivyo huweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Mgonjwa atolewe nje, apewe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa yenye mfuko, kisha apewe rufaa. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo katika damu hutoka kwa takriban saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni safi, takriban saa 1 hadi 1 na nusu. Mjamzito apelekwe hospitali hata akijisikia nafuu, kwa kuwa mimba huathirika zaidi.

Kinga huanza kwa kuliacha jiko nje, mbali na makopo. Kazi ifanywe mchana wa jua, milango ikiwa wazi. Inapofaa, itumike rangi ya maji, na kopo lake lisimamishwe katika beseni la maji ya uvuguvugu. Rangi ya mafuta na thina zisipashwe moto kamwe. Mkaa unaofifia usirudishwe ndani, kwani bado hutoa gesi. Mteja naye aelezwe mapema kwamba kabati la Julai huchelewa kukauka kuliko la Oktoba, ili fundi asishurutishwe na haraka.