Udhibiti wa Neva kwa Wazee Wenye Shinikizo Sugu la Damu: Umuhimu wa Kipimo cha Kusimama

Utangulizi

Shinikizo la damu huitwa sugu linapobaki 140/90 au zaidi ilhali mgonjwa anatumia ipasavyo dawa tatu za makundi tofauti, mojawapo ikiwa ya kuongeza mkojo, kwa dozi ya juu anayoweza kuihimili. Hatua ya kawaida huwa ni kuongeza dawa ya nne. Makala haya yanadai kwamba, kwa mzee, uamuzi huo usifanywe kabla ya kujua jinsi neva zake zinavyodhibiti shinikizo anaposimama.

Neva na mishipa

Katika ateri za shingo na upinde wa aota mna vipokezi vinavyohisi kutanuka kwa kuta za mishipa. Shinikizo likipanda, hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, nalo hupunguza msukumo wa neva za simpathetiki, ambazo huharakisha moyo na kubana mishipa, na kuimarisha neva ya vagasi, ambayo hutuliza mapigo. Shinikizo likishuka, kinyume chake hutokea. Mtu anaposimama, takriban nusu lita ya damu au zaidi hushukia miguuni na tumboni. Kwa kijana mwenye afya, marekebisho hufanyika upesi bila yeye kuyatambua.

Uzeeni kuta za ateri hukakamaa. Kwa kuwa hazitanuki vya kutosha, vipokezi hupata taarifa pungufu, huku msukumo wa simpathetiki ukiongezeka na figo zikizuia chumvi na maji. Ndiyo maana mzee mmoja anaweza kuwa na shinikizo kubwa mno akiwa ameketi au amelala, kisha likashuka ghafla akisimama. Hali hizi mbili hazipingani; chanzo chake ni udhaifu uleule wa udhibiti.

Athari kwa tiba

Kipimo cha juu kikishuka kwa 20 au zaidi, au cha chini kwa 10 au zaidi, ndani ya dakika 3 za kusimama, mzee yumo katika hatari ya kizunguzungu na kuanguka. Daktari anayetazama kipimo cha kuketi pekee huweza kuongeza dawa itakayomwangusha mgonjwa wake.

Hata hivyo, kuacha tiba si suluhisho. Utafiti wa HYVET, uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wagonjwa 3,845 wenye umri wa miaka 80 au zaidi, ulionyesha kwamba tiba hupunguza vifo. Lakini haukuwapokea wale ambao kipimo chao cha juu wakiwa wamesimama kilikuwa chini ya 140. Hivyo matokeo yake hayatoshi kuwaamulia wagonjwa hao. Nao utafiti wa PATHWAY-2 wa mwaka 2015 ulibaini kwamba spironolaktoni, inayosaidia figo kutoa chumvi, ilishusha shinikizo sugu kuliko bisoprolo na doksazosini, zinazozuia athari za neva za simpathetiki kwenye moyo na mishipa.

Hitimisho

Inapendekezwa kwamba miongozo ya tiba iagize mambo matatu kabla ya dawa ya nne: kuthibitisha kuwa dawa zilizopo zinamezwa; kupima shinikizo mgonjwa akiwa ameketi na tena baada ya kusimama; na, spironolaktoni inapochaguliwa, kupima potasiamu na utendaji wa figo. Kipimo cha kusimama hakihitaji kifaa kipya. Kinahitaji dakika chache na nafasi ya kukiandika katika kadi ya mgonjwa.