Je, Wajua? Gia Ikigoma Kwenye P, Tazama Taa za Breki

Gari la otomatiki likikataa kutoka P, mara nyingi giaboksi haina kosa. Mkosaji ni swichi ndogo juu ya pedali ya breki, ile ile inayowasha taa za breki. Ikifa, au fyuzi yake ikiungua, gari halijui kwamba umekanyaga breki.

Toyota nyingi kuukuu kutoka Japani zina kitufe au kifuniko kidogo kando ya gia, kimeandikwa SHIFT LOCK. Kanyaga breki, bonyeza hapo kwa bisibisi au ncha ya ufunguo, gia itaachia.

Ukiegesha mteremkoni ni kisa kingine: gia hugoma kwa sababu ya uzito. Gari zima, pamoja na magunia yako, limeegemea jino moja la chuma ndani ya giaboksi. Vuta breki ya mkono kwanza, ndipo uweke P.